“Mwalimu, Nani Aliwazuia Wasizile?”

Shikamoo Mwalimu,

Nafundisha uraia na uchumi, darasa la wanafunzi 40, wa miaka 15 na 16. Mada ya muhula huu ni serikali na uchumi wa nchi ya kigeni, na uchaguzi wa nchi niliachiwa mimi. Nikachagua Norwei. Nisikufiche, sikuichagua kwa mapenzi. Nilipata kitabu chenye sura nzima kuihusu, halafu nikaona ina watu milioni 5 na nusu hivi, nikajisemea nchi ndogo haitakuwa na mambo mengi.

Nilikuwa na vipindi sita. Vitatu vya mwanzo nikafundisha serikali: mfalme, bunge linaloitwa Storting, waziri mkuu, mahakama. Vitatu vya mwisho nikafundisha uchumi: mafuta, gesi, samaki, umeme wa maji, mfuko mkubwa wa akiba. Nikaandika ubaoni, wakanakili. Nilidhani nimefundisha.

Jaribio nimelisahihisha juzi. Karatasi 40, lakini ungedhani imeandika mikono miwili. “Norwei inaongozwa na mfalme. Norwei ina mafuta. Watu wa Norwei ni matajiri.” Mmoja kaandika kwamba mfalme ndiye anayewagawia wananchi fedha za mafuta, na nilipopitia maelezo yangu mwenyewe sikuona mahali palipomzuia kufikiri hivyo.

Lakini hilo siyo lililonifanya nikuandikie. Katika kipindi cha mwisho msichana mmoja, ambaye kwa kawaida haongei, aliuliza: “Mwalimu, hizo fedha zote zilikuwa mikononi mwao. Nani aliwazuia wasizile?” Darasa likacheka. Nikajibu, “Ni watu wenye nidhamu.” Akakaa. Nilimtazama usoni nikajua hakuamini, na mimi pia sikuamini.

Kuna na jambo dogo la aibu. Kitabu changu kinasema bunge lao lina sehemu mbili, karatasi nyingine niliyopata inasema ni bunge moja. Nilichagua kunyamaza.

Mkuu wa idara amenipa vipindi vinne vya kurudia mada, kwa sharti kwamba wanafunzi wawe na maelezo daftarini. Sijawahi kufika Norwei wala sitarajii. Nifanyeje?

Mwalimu Niliyekwama

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na lililo jepesi tulimalize. Kitabu chako na ile karatasi havigombani. Storting ilichaguliwa kama bunge moja, kisha wabunge wenyewe wakajigawa: robo yao wakaunda kitengo kinachoitwa Lagting, waliobaki wakawa Odelsting, ili miswada ya sheria ipite kwa mikono miwili. Mgawanyo huo ulikomeshwa mwaka 2009. Kwa hiyo umeshika kitabu cha zamani, basi. Usikitupe. Waoneshe wanafunzi hizo sentensi mbili zinazopingana, uwaulize ipi iliandikwa kwanza na watajuaje. Hapo umepata robo kipindi ya bure, na umewafundisha kwamba muundo wa serikali hubadilishwa na watu, haukushushwa toka juu.

Sasa msichana wako. Swali lake ndilo somo zima, na jibu lako la nidhamu ndilo lililoliua. Sikulaumu, nami nimewahi kujibu hivyo kengele ikikaribia kulia. Ila siyo kweli. Ukweli ni kwamba walizila, tena walianza kuzila kabla hazijaingia mfukoni.

Fuata miaka. Kisima kikubwa cha Ekofisk, katika Bahari ya Kaskazini, kiligunduliwa mwishoni mwa mwaka 1969, na mafuta yakaanza kutoka mwaka 1971. Bei ya mafuta duniani ilipopaa, serikali ikaanza kukopa nje kwa kutegemea mapato yajayo. Mishahara ikapanda, ruzuku zikapanda, na gharama za kuzalisha kitu ndani ya nchi zikapanda hadi viwanda vinavyouza nje vikashindwa kushindana. Mambo yalibana kiasi kwamba mwaka 1978 serikali ilizuia kwa sheria upandaji wa mishahara na bei, na zuio hilo likakaa hadi mwisho wa mwaka 1979. Hao ndio wenye nidhamu wetu.

Halafu ukaja mwaka 1986. Bei ya mafuta ikaporomoka kwa zaidi ya nusu katika miezi michache. Waziri Mkuu Kåre Willoch akapeleka bungeni pendekezo la kuongeza kodi ya petroli, akalifanya liwe suala la imani kwa serikali yake, akashindwa kura. Serikali ikaondoka, Gro Harlem Brundtland akaingia, na hapakuwa na uchaguzi hata mmoja katikati. (Shika hilo la kutokuwepo kwa uchaguzi, nitalirudia.) Sheria ya kuanzisha mfuko wa mafuta ilipitishwa mwaka 1990, na kwa miaka sita mfuko ulikuwa jina tu. Fedha ya kwanza iliwekwa mwaka 1996. Mwaka 2001 ndipo wanasiasa wakakubaliana kwamba serikali isitumie zaidi ya faida inayotarajiwa ya mfuko, wakaikadiria kuwa asilimia 4 kwa mwaka. Mwaka 2017 wakaishusha hadi asilimia 3.

Kwa hiyo, kutoka kisima hadi akiba ya kwanza ni zaidi ya miaka 25, na njiani kuna deni, zuio la mishahara na serikali iliyoanguka. Mweleze msichana wako hivyo. Na ukitaka kumfurahisha zaidi, mwambie kwamba ile kanuni ya asilimia 3 hata siyo sheria. Ni makubaliano ya vyama. Mwaka 2020, korona ilipobana, serikali ilichota zaidi ya hapo na hakuna aliyepelekwa mahakamani. Muulize basi: kama siyo sheria, kinachoishikilia ni nini? Mwache ahangaike nalo. Mimi mwenyewe bado nahangaika nalo.

Umeona kosa lilipo? Uliigawa nchi mapande mawili: vipindi vitatu vya serikali, vipindi vitatu vya uchumi. Wanafunzi wakapokea orodha mbili zisizojuana. Katika orodha ya kwanza mtu pekee mwenye sura ni mfalme, na katika ya pili kitu pekee chenye mvuto ni fedha. Yule aliyeandika kwamba mfalme anagawa fedha hakukosea kwa uvivu. Alijaribu kuunganisha vitu ambavyo mwalimu wake aliviacha bila kamba. Mimi ningempa alama moja kwa kujaribu.

Kwa vipindi vinne ulivyopewa, achana na orodha. Fundisha maamuzi. Chukua siku ambayo watu wa nchi ile walibishana juu ya mali, mmoja akashinda, mwingine akashindwa, na uwaoneshe wanafunzi ni chombo gani kiliamua. Serikali na uchumi vitajifundisha kwa pamoja.

Kipindi cha kwanza kimpe mfalme, kwa sababu ndiye anayewachanganya. Usianze na neno “ufalme wa kikatiba”, watalikariri tu. Anza na mwaka 1905. Norwei ilikuwa katika muungano na Uswidi, ikajitoa, na ikabaki na swali: tuwe na mfalme au jamhuri? Wakapiga kura ya maoni, na wengi wakakubali kumwita mwanamfalme wa Denmaki. Akaja, akajiita Haakon wa Saba. Yaani huyo mfalme wao kaingia kwa kura! Mwanafunzi akiuliza “kama kuna mfalme, uchaguzi wa nini?”, jibu ni kwamba hata mfalme alitokana na uchaguzi. Atakayeuliza kama wanawake walipiga kura ile, mpongeze, kisha umwambie hapana. Haki kamili ya kura kwa wanawake ilikuja mwaka 1913. Baada ya hapo waeleze utaratibu wa leo: siku za Ijumaa mawaziri hukutana na mfalme Ikulu, maamuzi hutolewa kwa jina lake, lakini lazima saini ya waziri iwepo, na anayebeba lawama bungeni ni waziri. Bei, kodi, mfuko, hayo hayamo mikononi mwa mfalme.

Kipindi cha pili ndicho ninachokipenda mimi, univumilie.

Novemba 1962, mgodi wa makaa ya mawe ulilipuka huko Ny-Ålesund, katika visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa ya dunia. Watu 21 wakafa. Mgodi ulikuwa mali ya serikali. Sasa bunge la wakati huo lilikuwa na viti 150: chama cha Labour cha Waziri Mkuu Einar Gerhardsen kilikuwa na 74, vyama vya upinzani wa mrengo wa kulia na wa kati navyo 74, na chama kidogo cha kisoshalisti kilikuwa na viti 2. Viwili tu. Bunge lilipodai serikali iwajibike kwa jinsi mgodi ulivyosimamiwa, wale wawili wakapiga kura pamoja na upinzani, na mwezi Agosti 1963 serikali ikaanguka. Lakini katiba ya Norwei hairuhusu bunge livunjwe kabla ya miaka yake minne kwisha. Hakuna kukimbilia uchaguzi mpya. Walioingia ni wale wale waliokuwa upinzani, chini ya John Lyng, wakakaa wiki nne, nao wakaangushwa, Gerhardsen akarudi.

Angalia ulivyopata vitu ndani ya kisa kimoja: kampuni ya serikali, wajibu wa waziri, kura ya kutokuwa na imani, serikali ya wachache, nguvu ya chama kidogo. Vyote ulishaviandika ubaoni, najua. Tofauti ni kwamba hapa kuna watu 21 waliokufa, na kila neno lina kazi ya kufanya.

Kisha waache wanafunzi wawe bunge. Una 40, idadi nzuri. Wagawe vyama vitano: 14, 11, 8, 5 na 2. Wingi ni kura 21. Wenye 14 wakiungana na wenye 5 wanapata 19. Wenye 11 wakiungana na wenye 8 wanapata 19. Wewe nyamaza, usiwaambie kitu. Ndani ya dakika kumi watoto wawili ambao hakuna aliyewajali watakuwa wamezungukwa kama masoko ya dhahabu. Na usiwakalishe kwa vyama. Katika Storting wabunge hukaa kwa majimbo wanayotoka, hivyo adui wa kisiasa yuko kiti cha pili yake na lazima amsalimie asubuhi. Wakalishe hivyo hivyo, kelele zitakuwa nyingi zaidi na mazungumzo yatakuwa bora. Bunge la leo lina wabunge 169 na karibu kila mara hakuna chama chenye wingi peke yake, kwa hiyo mchezo huu haujatia chumvi.

Watajadili nini? Bajeti. Ndicho kipindi cha tatu. Waambie mfuko una 1,000 na mwaka huu wanaruhusiwa kutumia 30. Chama kimoja kinataka barabara, kingine kinataka kodi ipungue, wenye 5 wanatoka majimbo ya wavuvi, na wale wawili wanataka nchi iache kuchimba mafuta kabisa. Wakimaliza kugombea 30, msichana wako atainua mkono, nakuhakikishia, aseme: lakini kuna 970 zimelala pale!

Hapo ndipo uingize uchumi wenyewe, taratibu, hadi kipindi cha nne. Kwanza, hazijalala. Zimenunua hisa, hatifungani (yaani hati za mkopo za serikali na kampuni) na majengo nje ya Norwei, na nje tu. Kwa nini nje? Fikiria fedha za kigeni zote zimeingizwa nchini kwa mkupuo. Sarafu yao, krone, inapanda thamani. Muuza samaki na muuza aluminiamu wanauza nje kwa bei ile ile ya kigeni lakini wakibadilisha wanapata krone chache, huku wafanyakazi wao wanadai mishahara kama ya mafuta. Wanafunga. Mafuta yakiisha, samaki nao hawapo sokoni. Wachumi wanauita ugonjwa wa Kiholanzi, kwa sababu Uholanzi ilionja hali hiyo baada ya kugundua gesi kule Groningen mwaka 1959. Chora mishale ubaoni, mfano huu unahitaji mishale. Ukifika kwenye krone inayopanda, simama uulize nani anafurahi na nani analia. Wengi hudhani sarafu kupanda ni heri kwa kila mtu.

Pili, fedha zile ziliingiaje? Faida ya kampuni za mafuta hutozwa kodi ya jumla ya asilimia 78, na serikali yenyewe ina hisa katika visima na katika kampuni iliyoanzishwa na bunge mwaka 1972, iliyoitwa Statoil na sasa Equinor. Wenye mfuko ni wananchi kupitia Wizara ya Fedha, anayeuendesha ni kitengo cha benki kuu, na anayeweka kanuni ni bunge. Mikono mitatu. Mwaka 2017 thamani yake ilivuka dola trilioni 1, na sehemu kubwa ya mfuko leo imetokana na faida ya uwekezaji kuliko mafuta yaliyowekwa. Jambo hilo darasa halitaliamini mara ya kwanza.

Mambo mengine yapitie haraka au yaache. Kura mbili za maoni za kukataa kujiunga na umoja wa Ulaya, 1972 na 1994, zinatosha dakika tano: wavuvi na wakulima hawakutaka, na nchi ikabaki nje ya umoja lakini ndani ya soko la pamoja. Mishahara ningeitaja kwa sababu inashangaza: hakuna sheria moja ya kitaifa ya kima cha chini, vyama vya wafanyakazi na waajiri hupatana wenyewe, na viwanda vinavyouza nje hutangulia kupatana ili wengine wafuate kiwango chao. Orodha ya mito na bandari mwachie mwalimu wa jiografia.

Nina onyo moja. Usiligeuze darasa kuwa ibada ya kuisifu Norwei. Ni rahisi sana kwa nchi ile, na mtoto akishaambiwa kwamba wale ni watu wa aina nyingine, hana sababu ya kuelewa lolote. Waambie habari za Farouk al-Kasim, mwanajiolojia Mwiraki aliyehamia Norwei mwaka 1968 akiwa ameshafanya kazi ya mafuta kwao, akaajiriwa wizarani wakati wenyeji walikuwa hawana ujuzi, akawa mmoja wa waliochora mpango wa kutenganisha wizara, msimamizi na kampuni ya taifa. Na waoneshe kinachokwaruza: mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa Norwei yalikuwa ya umeme, na sehemu kubwa ya umeme wao inatoka kwenye maji, ilhali mafuta na gesi yao yanauzwa kwa wengine wayachome. Wanorwei wenyewe wanagombana juu ya hilo. Wanafunzi wako nao wagombane. Na mwanafunzi akisema “Norwei inataka”, mkatize kwa upole: Norwei yupi? Mvuvi, mfanyakazi wa kisima, waziri?

Kutokufika kwako kusikusumbue. Aliyewahi kufika atawasimulia baridi, na baridi haimo katika mada.

Kuhusu mkuu wa idara, sharti lake ni la haki. Kila kipindi kikiisha, wape dakika nane waandike wenyewe nusu ukurasa: nani aliamua, kwa mamlaka gani, nani aliumia. Wewe sahihisha majina na tarehe tu. Hayo ndiyo maelezo, na yatakuwa 40 tofauti. Jaribio jipya lisiwe na “taja”. Uliza: “Mwaka 1963 serikali ilianguka na uchaguzi haukufanyika. Eleza iliwezekanaje.” Swali la pili: “Mbunge wa jimbo la wavuvi anapinga fedha za mafuta kutumika nyingi ndani ya nchi, ingawa jimbo lake linahitaji barabara. Mtetee.”

Na ukigawa kazi kwa ajili ya bunge lako, yule msichana asiwe miongoni mwa wale wawili, ataringa. Mpe wizara ya fedha, asimame mbele ya wenzake 39 wakimwomba zile 970.